Korongo wa Madagaska Katika Bonde la Mpunga

Wageni wanaokuja Pemba kutazama ndege huja na orodha fupi sana. Wanamtaka ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, yaani ndege wanne ambao hawapatikani pahala pengine popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Hupelekwa msitu wa Ngezi, humsikiliza bundi usiku, hupiga picha zao, na muda si mrefu huwa wamekwishapanda boti kurudi Unguja. Siwalaumu, kwa kuwa safari ni ghali na siku zao ni za kuhesabu. Hata hivyo, njiani kutoka bandari ya Mkoani hadi Ngezi gari lao hupita kando ya mabonde ya mpunga, na katika baadhi ya mabonde hayo, kuanzia mwezi wa Mei mpaka Oktoba, huweza kuwamo mgeni ambaye shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka.

Mgeni huyo ni korongo wa Madagaska, ambaye jina lake la kitaalamu ni Ardeola idae. Huzaliana Madagaska kwenyewe, katika kisiwa cha matumbawe cha Aldabra huko Shelisheli, katika Mayotte na katika kisiwa kidogo cha Europa. Msimu wa kulea makinda ukimalizika, wengi wao huvuka bahari, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wakaja kukaa Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati huku kwetu kusi inavuma. Akiwa kwao, wakati wa kutaga, huwa mweupe pepe mwili mzima, na mdomo wake huwa wa buluu wenye ncha nyeusi, hata asiyejua ndege hawezi kumpita bila ya kugeuza shingo. Bahati mbaya ni kwamba vazi hilo hatuletei. Hapa hufika akiwa na mgongo wa kahawia na kifua chenye michirizi, na katika hali hiyo hufanana mno na ndugu yake wa kawaida, Ardeola ralloides, yule korongo mdogo ambaye mkulima wa bondeni humwona kila uchao na hana haja ya kumtazama mara mbili.

Kwa hiyo anayemtafuta korongo wa Madagaska hulazimika kuwatazama ndege wa kawaida mmoja mmoja, kwa makini ambayo kwa desturi hatuwapi, mpaka ampate yule asiyelingana na wenzake. Siku ninayoisimulia hapa sehemu yake kubwa ilipita katika kazi hiyo, na kama mtu angetuona kutoka barabarani angedhani tumetumwa kuwalinda ndege wasiibiwe.

Nilikuwa na mwalimu wangu wa zamani wa baiolojia, mzee aliyestaafu ambaye wanafunzi wake, hata wale wenye wajukuu, bado wanamwita Maalim. Yeye ndiye aliyechagua mwezi na ndiye aliyechagua bonde. Agosti, kwa maelezo yake, ni mwezi unaomsaidia mtafutaji, kwa sababu mvua za masika zimekwishapita, majaruba yanayotegemea mvua yamekauka au yamevunwa, na ndege wa maji hulazimika kujikusanya katika mabonde machache yenye chemchemi na mifereji ya umwagiliaji. Bonde tulilolikusudia liko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Chake Chake. Sitalitaja kwa jina, kwa kuwa mabonde yetu ni membamba, njia za kupitia ni tuta za watu, na ndege anayeogopa miguu ya mtu mmoja hatafurahia miguu ya kumi.

Tuliingia bondeni baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya mikarafuu. Mabonde ya Pemba yana umbo lake: vilima viwili vya minazi na mikarafuu vinavyotazamana, na katikati ukanda wa ardhi tambarare, wenye maji, uliokatwakatwa kwa tuta kuwa majaruba. Sehemu ya juu, karibu na chemchemi, mpunga wa umwagiliaji ulikuwa umeanza kutoa mashuke, na pale palikuwa na dungu la miti na makuti ambamo vijana wawili walikuwa wakiamia, yaani wakifukuza ndege wasile mpunga, mmoja na teo, mwingine na debe la kupigapiga. Sehemu ya chini palikuwa pamevunwa, yamebaki mabua yaliyosimama ndani ya maji ya kina cha kifundo cha mguu, na huko ndiko walikokuwa ndege.

Kabla ya kufungua darubini Maalim alinihamisha. Tuta tulilokuwa tumefikia lilikuwa na kivuli kizuri na mahali pa kukaa, lakini lilikuwa upande wa magharibi, na jua likipanda lingetupiga usoni. Tulizunguka mpaka upande wa mashariki, tukakaa juu ya tuta tupu lenye umande, tukilipa jua mgongo. Niliona kero wakati ule, hasa kwa sababu suruali ilirowa mara moja, lakini haikuchukua muda kufahamu maana yake. Tofauti baina ya ndege hawa wawili iko katika rangi ya mgongo na upana wa michirizi ya kifuani, na ndege anayetazamwa dhidi ya jua hana rangi wala michirizi; ana umbo tu, na umbo lao ni moja. Hata kimo hakisaidii. Wa Madagaska ana mwili mzito kidogo na mdomo mnene zaidi, lakini wote wawili urefu wao ni takriban sentimita 45, na mtu hapati nafasi ya kuwasimamisha bega kwa bega.

Palikuwa na yangeyange wengi, korongo wa kijivu mmoja aliyesimama peke yake kama kawaida yao, vitwitwi waliokimbia juu ya matope, na hao korongo wadogo wa kawaida, waliotawanyika kila mmoja katika jaruba lake. Nilitegemea kwamba tutawapitia haraka. Maalim aliniambia nimchague mmoja, yeyote, nimweleze.

"Mgongo wake ni rangi ya mchanga," nikasema.

"Mchanga gani? Wa pwani au wa njiani? Mkavu au wenye maji?"

"Mkavu, wa pwani, wenye umanjano kidogo."

"Na kifua?"

"Kina michirizi."

"Michirizi kila korongo anayo, mwanangu. Niambie upana wake, rangi yake, na rangi ya mahali palipo baina ya mchirizi na mchirizi."

Tuliendelea hivyo, ndege baada ya ndege, mpaka jua likawa juu ya minazi. Kuna wakati nilihisi kwamba tumesahau tulichokuja kukitafuta. Lakini kadiri nilivyoulizwa ndivyo nilivyoanza kuona kwamba hao niliokuwa nikiwaita wa kawaida hawakuwa sawa hata kidogo. Mmoja alikuwa na shingo ya manjano iliyoiva, na michirizi yake myembamba ilikuwa inakaribia kupotea. Mwingine, ambaye Maalim alimkadiria kuwa ni mtoto wa mwaka ule, alikuwa na michirizi minene zaidi, na alipojinyoosha bawa nikaona ncha za manyoya zilizochafuka rangi ya kijivu badala ya kuwa nyeupe tupu. Huyo ndiye anayewapoteza watu wengi, kwa sababu mtu akisoma kitabuni kwamba korongo wa Madagaska ana michirizi mipana, kisha akamwona mtoto wa ndege wa kawaida mwenye michirizi kama ile, humaliza kazi yake hapo hapo na kwenda nyumbani kwa furaha. Alama moja haitoshi. Wa Madagaska ni lazima aonekane kwa mambo yote pamoja: michirizi mipana, myeusimyeusi, iliyokaa juu ya kifua cheupe, mgongo uliokolea kama karafuu iliyokaushwa vizuri, na mpaka wa ghafla baina ya mgongo huo na bawa jeupe linalochungulia chini yake.

Katikati ya asubuhi ndege mmoja mwenye mgongo mweusi alipanda juu ya tuta akitokea mferejini. Moyo ulinidunda, na nadhani hata Maalim aliacha kupumua kidogo, maana mkono wake uliokuwa ukiandika ulisimama. Kisha akasema, "Tazama ncha za manyoya yake, pale tumboni." Nikatazama, nikaona matone yakidondoka. Ndege alikuwa ametoka kuoga. Manyoya yaliyorowa hukoleza rangi ya ndege yeyote, na kama angeruka wakati ule tungebaki na ubishi wa maisha. Hakuruka. Alisimama palepale, akajikung'uta, akaanza kupitisha mdomo katika manyoya ya kifuani moja moja, akageuka, akapasha mgongo jua, na sisi tukakaa kimya tukimwangalia akikauka. Mgongo ulianza kupauka kuanzia mabegani ukishuka, na mwisho alikuwa na rangi ileile ya mchanga niliyoikariri tangu alfajiri. Katika daftari aliingia pamoja na wenzake. Sijui kama kuna somo la darasani ambalo lingenifundisha jambo lile kwa namna ile, la kwamba rangi ya ndege ni hali yake ya saa ile na si lazima iwe hali yake ya siku zote.

Jua lilipokuwa kali, maji ya majaruba yakawa yanametameta na macho yakachoka. Tulipanda kidogo kuelekea sehemu ya mpunga uliosimama, na hapo tukamkuta bibi mmoja akipalilia, kanga ameifunga kiunoni na nyingine kichwani, maji yamemfika chini ya magoti. Tulimwamkia kutoka mbali, kwani kumtokea mtu ghafla shambani kwake huku umeshika darubini si adabu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kupima bonde?"

Swali hilo tunaulizwa kila tuendako. Watu wanaotembea na vyombo vya kutazamia mbali, kwa mkulima wa Pemba, ni watu wa ardhi, na watu wa ardhi mara nyingi huleta habari ambazo hazikuombwa. Maalim alimtoa wasiwasi, akamwambia tunatazama ndege.

"Hawa wanaokula mpunga?"

"La, Bibi. Wanaokula vyura."

"Basi hao nawapenda," akasema, akaendelea kung'oa ndago.

Nilikuwa na picha ya korongo wa Madagaska katika simu na nilikuwa tayari kuitoa. Maalim alinikanyaga mguu. Baadaye alinieleza kwamba picha humlazimisha mtu kuwa mkarimu. Ukimwonyesha mwenyeji picha ya ndege na ukaonekana umetoka mbali kwa ajili yake, hawezi kukuvunja moyo. Atasema ndiyo, yupo, mbona wapo wengi, wako kule. Utaondoka na jibu zuri na hutakuwa umejua lolote. Yeye aliuliza maswali ambayo hayakuwa na jibu la kumfurahisha mtu. Ni ndege gani wanaobaki bondeni mpunga ukishavunwa? Yuko yeyote anayekaa mbali na wenzake? Yuko anayekuja wakati wa kusi na kutoweka kabla ya kaskazi kuanza?

Bibi alinyoosha mgongo, akafikiri, na tukaona kwamba swali la mwisho limemgusa mahali.

"Yuko mmoja," akasema. "Hawa wengine wanakaa juani, kwenye mabua. Yeye yuko kule chini ya michikichi, mfereji unapoingia kwenye majimbi. Ukimkurupusha anaruka mweupe, utadhani yangeyange. Akitua humwoni tena, amekuwa udongo. Wakati wa masika hakuwepo."

Sijapata kusikia maelezo mafupi ya korongo hawa yaliyo sahihi zaidi ya hayo, kwa maana jamii hii yote hubeba mabawa meupe yaliyofichwa chini ya mgongo wa kahawia, na ndege anayeruka akiwa mweupe hutua akafunga bawa, ukapoteza hata mahali alipotua. Lakini kilichomfanya Maalim anitazame kwa jicho la pembeni ni yale mengine mawili, kivuli na upweke. Korongo wa kawaida hupenda majaruba ya wazi. Wa Madagaska, akiwa huku bara la Afrika na visiwani, hupendelea kingo za vijito vidogo, hata vile vinavyopita ndani ya msitu, na mara nyingi huwinda peke yake. Sisi tulikuwa tumetumia asubuhi nzima juani.

Haikuwa na maana kwenda pale saa sita mchana. Tuliswali adhuhuri katika msikiti ulio juu ya bonde, tukala muhogo wa kuchemsha kwa chai ya tangawizi, Maalim akalala kidogo barazani, na baada ya sala ya alasiri tukateremka tena.

Mahali Bibi alipotuelekeza ni pembe ya bonde ambapo kilima kimejikunja, na mfereji hupita chini ya michikichi kiasi mitano kabla ya kuingia katika shamba la majimbi. Upande mmoja wa mfereji ulikuwa umefyekwa. Upande wa pili majani yalikuwa yameachwa, na makuti makavu ya michikichi yalikuwa yamelalia maji. Tulikaa nyuma ya shina la mgomba, mbali kiasi cha kuhitaji darubini, na tukakubaliana kwamba hatutasogea. Kusogea ndiko kunakoharibu mambo. Mtu humwona ndege vizuri, akataka kumwona vizuri zaidi, akapiga hatua mbili, na hapo ndipo anapomwona kwa mara ya mwisho.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kijumbamshale mmoja alipita juu ya maji akinywa huku akiruka, na ninga waliingia katika mchikichi, tukawasikia bila ya kuwaona. Kisha kipande cha kingo kilichukua hatua moja.

Alikuwa pale tangu tulipofika, nina hakika, amejikunyata chini ya kuti, shingo ameiingiza mabegani, hana tofauti na kisiki. Hatua ile ilimtoa katika doa la mwanga. Maalim, ambaye alikuwa ameshamwona, hakunong'ona jina. Alisema tu, "Nieleze."

Nilieleza kama nilivyoeleza tangu asubuhi, nikianza na mgongo. Ulikuwa wa kahawia iliyoiva, hauna umanjano wowote, na haukuwa umerowa, kwani manyoya ya juu yalikuwa yakipeperuka katika upepo uliokuwa ukipenya chini ya michikichi. Kifua kilikuwa cheupe, na juu yake michirizi ilishuka kutoka kooni, mipana, ya kahawia inayokaribia weusi, kila mmoja umekatika wazi na mwenzake. Ukingo wa bawa ulikuwa mweupe safi, na pale ulipokutana na mgongo hapakuwa na rangi ya kati. Mdomo ulikuwa mnene kuanzia shinani. Nilipofika kwenye mdomo nilisita, kwa sababu unene ni jambo la kulinganisha na sikuwa na wa kulinganisha naye, isipokuwa wale niliowakariri. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini niliulizwa mchanga gani. Bila ya saa zile za asubuhi nisingekuwa na kipimo chochote; ningemtazama ndege huyu na kuuliza kitabu, na kitabu hakijui mwanga wa bonde lile.

Aliendelea kuwinda kana kwamba hatupo. Alinyoosha shingo mbele, polepole mno kiasi kwamba macho yalishindwa kuukamata mwendo na yakaona tu kwamba imeshakuwa ndefu, akaiacha imenyooka sambamba na maji. Mguu mmoja ulibaki nyuma, vidole vyake vya manjano vimekamata kuti. Alipopiga, sikuliona pigo. Niliona maji yamevunjika na chura mdogo amebanwa kwa paja. Alimrudisha majini, akamsuuza, akamkung'uta mara mbili tatu, akamgeuza mpaka kichwa kikaingia kwanza, kisha koo likavimba na kushuka. Baada ya hapo alikunywa tone la maji, akarudi chini ya kuti lake.

Maalim alikuwa akiandika bila ya kuangalia karatasi. Alimchora pia, mchoro wa mistari michache, na akaandika pembeni saa, upande wa mwanga, umbali na hali ya manyoya, kwamba yalikuwa makavu. Picha tulipiga, lakini simu kwa umbali ule ilitoa doa la kahawia ndani ya kijani, na mtu ambaye hakuwepo hawezi kulitegemea. Maelezo yaliyoandikwa papo hapo, kabla ya kufungua kitabu, ndiyo yenye uzito, na Maalim ni mkali sana katika hilo. Kwa maoni yake mtu akishafungua kitabu huanza kuona kilichoandikwa humo.

Mmoja wa vijana wa kuamia aliteremka na ndama kumnywesha, na ndege akaruka. Ilikuwa kama Bibi alivyosema: kisiki kilifunguka kikawa cheupe, kikaenda chini chini juu ya mfereji kwa mabawa mapana na mapigo mazito, kikatua kwenye majimbi na kutoweka. Na alipopita mwisho wa michikichi alimwinua mwingine, ambaye hatukuwa tumemjua. Huyo wa pili alitua juu ya kingo, kivulini, akatupa ubavu kwa muda mfupi, kisha akaingia majanini. Mimi niliona mgongo mweusi. Maalim aliona mgongo wenye kivuli. Tulimsubiri mpaka mwanga ulipoanza kuwa mwekundu na hakutoka tena. Katika daftari aliandikwa kuwa ni korongo mdogo asiyetambulika, mmoja. Nilibishana kidogo, nikitoa hoja kwamba ndege wawili pahala pamoja ni habari kubwa kuliko mmoja. Jibu la Maalim lilikuwa kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutoiandika. Kumbukumbu hizi huzipeleka katika Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na atakayekuja kuzisoma hatakuwa na namna ya kujua ipi iliandikwa kwa macho na ipi kwa tamaa.

Tulipopanda tulimkuta Bibi amekaa juu ya tuta akiosha miguu. Alitaka kujua kama tumemwona, na alipoambiwa ndiyo, na kwamba anatoka Madagaska, alishangaa kwa namna iliyotufurahisha.

"Bukini! Kwa mabawa yake?" akauliza, akiitaja Madagaska kwa jina lake la kale.

"Kwa mabawa yake, Bibi."

"Na huko kwao hakuna mabonde?"

Swali hilo liligusa jambo ambalo ningependa watu wengi zaidi walijue. Mabonde yapo, na mpunga upo kuliko hapa, na mpunga huo ni mmoja katika mambo yanayomwumiza. Ndege huyu hutaga kwa makundi, katika miti na vichaka vilivyo kando ya vinamasi, na vinamasi vingi vya Madagaska vimekaushwa au kugeuzwa mashamba ya mpunga, miti ya viota imekatwa, na mayai na makinda yamekuwa yakichukuliwa na watu kwa chakula. Juu ya hayo, yule ndugu yake wa kawaida hustahimili mabadiliko vizuri zaidi na humbana katika makazi yaliyobaki. Moja ya maskani yake ya kutagia yanayojulikana sana liko katikati ya jiji la Antananarivo, katika bustani ya Tsarasaotra, ziwa dogo lililozungukwa na nyumba ambalo mwaka 2005 liliingizwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Kwa hiyo kinamasi kikigeuzwa jaruba huko hupoteza kiota, na huku kwetu jaruba lenye maji humpa chakula cha miezi kadhaa, mradi pabaki mfereji wenye kivuli kando yake. Maalim alimweleza Bibi hayo yote taratibu, bila ya kumlaumu mtu, kwa kuwa wakulima wa Madagaska nao wanakula mpunga wao kama sisi tunavyokula wetu.

Bibi alisikiliza, kisha akatuambia kwamba kamati ya bonde imepanga kufyeka upande wa pili wa mfereji kabla ya vuli, ili maji yaende kasi. Hata michikichi miwili ya pembeni imesemwa kwamba ikatwe. Maalim aliuliza kama inawezekana kuzungumza na kamati, na Bibi akamjibu kwamba mkutano ni Jumapili baada ya alasiri, lakini akamwonya. Watu wa bondeni, alisema, wana ubishi wao na ndege tangu mpunga ulipoanza kulimwa, na atakayesimama mbele yao kuwaombea ndege atachekwa kabla ya kumaliza. Upande uliofyekwa mwaka jana ulimong'onyoka mvua zilipokuja, na jaruba la mwenyekiti mwenyewe liliingia mchanga.

"Wewe anza na hiyo kingo, Maalim," akasema. "Sema mizizi ya michikichi ndiyo inayoishika. Wakishakubali, huyo Mbukini wako mtaje mwishoni, ukiwa unaaga."

Maalim alicheka, akakubali, akatoa tena daftari, na akamwomba amwonyeshe ni wapi hasa kingo ilipoporomoka, na upana wake ulikuwa kiasi gani. Tulirudi naye mpaka pale tukapima kwa hatua, kabla ya adhana ya magharibi.